Mkanda wa Gari Lako Umebadilishwa Lini?

Mama mwenzangu, mwezi huu naomba uyaache maharage yachemke yenyewe jikoni, ukae nami kidogo tuzungumze habari za gari. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya baba watoto." Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Niliacha kusema Desemba 2012, usiku ule tuliolala Chalinze njiani kwenda kwa bibi, watoto watatu wamebanana kiti cha nyuma na keki ya sikukuu mapajani.

Gari letu lilikuwa la dizeli, la viti saba, tulilolinunua likitoka Japani likiwa limekwisha kutembea kilometa 92,000. Miezi kadhaa baadaye taa ndogo yenye maandishi T-BELT iliwaka mbele ya usukani. Siku hiyo nilikuwa naendesha mimi, natoka sokoni. Nikapita kwa fundi wa jirani. Akainama, akatazama, akacheka: "Mama, hiyo ni taa tu, gari lako ni zima kabisa." Akaizima kwa dakika chache, nikampa hela ya chai, nikarudi nyumbani nimefurahi kwamba nimeokoa fedha. Kumbe taa ile iliwekwa na waliolitengeneza gari ihesabu kilometa 100,000, kisha iseme kwamba mkanda wa taimingi umefika siku yake.

Tulitembea nao kilometa 31,000 nyingine. Ulipokatika hapakuwa na mlio wa kutisha wala moshi. Injini ilinyamaza tu, kama redio iliyoishiwa betri. Baba watoto akawasha tena. Stata ikazungusha injini haraka na kwa wepesi wa ajabu, kama cherehani inayokanyagwa bila kitambaa. Vijana watano waliokuwa kando ya barabara wakaja kutusukuma, gia ya pili, mara tatu. Niliwashukuru na kuwapa fedha ya soda. Sikujua kwamba nilikuwa nalipia uharibifu.

Kesho yake gari lilivutwa mpaka Morogoro. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, alifungua kichwa cha injini akanipangia vyuma juu ya gunia kavu, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga samaki. Kati ya valvu 8, 5 zilikuwa zimepinda. Pistoni mbili zilikuwa na makovu ya mviringo juu yake. "Mama," aliniambia, "hapa palipigwa ngumi." Gharama yote ilikuwa sawa na ada ya mwaka mzima ya mtoto wetu wa kwanza. Mkanda wenyewe ungekula fedha ya jikoni ya wiki mbili.

Simlaumu yule fundi wa jirani peke yake. Mimi ndiye niliyeiona taa, na sikuuliza T-BELT ni kitu gani. Basi niwaeleze nilivyoelezwa na yule mzee, pamoja na niliyojifunza baadaye.

Wengi wetu tuna cherehani. Sindano inashuka na uzi. Chini yake ile ndoana inayozunguka bobini inapita ubavuni mwa sindano na kuunyakua uzi. Vinapishana karibu sana, nafasi ndogo kama unene wa karatasi, lakini havigusani, kwa kuwa kila kimoja kina zamu yake. Zamu hiyo ikihama, sindano inagonga chuma na kukatika. Binti yangu aliwahi kuvunja sindano tatu mchana mmoja akidhani ni sindano mbaya za dukani, mpaka fundi cherehani alipokuja akalegeza skrubu moja tu, akairudisha ndoana mahali pake, akaikaza. Ndani ya injini mna kupishana kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa huko vinavyopishana ni pistoni na valvu.

Chukulia silinda ni kinu, na pistoni ni mchi unaopanda na kushuka ndani yake. Juu ya kinu pana kifuniko, nacho kina milango: wa kuingilia na wa kutokea. Milango hiyo ndiyo valvu, na kila moja ina umbo la uyoga wa chuma wenye shina refu. Pistoni inashuka, mlango wa kuingilia unafunguka, hewa inavutwa ndani. Inapanda, milango yote imefungwa, hewa inakandamizwa. Mafuta yanawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Hii ndiyo safari pekee kati ya hizo inayolipeleka gari mbele. Inapanda tena, mlango wa kutokea unafunguka, moshi unatolewa. Safari nne, kisha mwanzo tena.

Nani anafungua milango? Ni kemshafti, ufito mnene wa chuma wenye nundu za umbo la yai. Ufito unapozunguka, ncha ya yai inaisukuma valvu chini, mlango unafunguka. Ncha ikipita, springi inairudisha valvu juu, mlango unafungwa. Ukifikiri ni uvumbuzi wa wazungu wa magari, la. Wachina walitumia maarifa haya karibu miaka 2,000 iliyopita kukoboa mpunga: gurudumu la maji lilizungusha mti wenye vigingi, vigingi vikakandamiza mkia wa mchi, mchi ukainuka, kigingi kikapita, mchi ukadondoka kinuni. Kazi ya kwanza ya nundu hizi, basi, ilikuwa kutwanga. Nilipomweleza mama mkwe wangu jambo hilo alisema hao Wachina walikuwa na huruma kwa wake zao.

Sasa hapa ndipo penye hesabu. Pistoni zinazungusha krankishafti, ule mhimili mkubwa wa chini. Katika zile safari nne krankishafti inazunguka mara mbili, lakini kila mlango unatakiwa kufunguka mara moja tu. Kwa hiyo gurudumu la meno la kemshafti hupewa meno mara mbili ya lile la krankishafti, nayo inazunguka nusu ya mwendo. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa magari mengi barabara kuu, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde moja. Ukisafiri kwa kilometa 90 kwa saa katika mizunguko hiyo, kila kilometa ni kufunguka mara 1,000. Zidisha mpaka kilometa 100,000: mara milioni 100. Na yote yanashikiliwa na mkanda mmoja wa mpira wenye meno na nyuzi imara ndani, unaounganisha magurudumu hayo mawili ili juu na chini visipotezane.

Umbo la hizo nundu ndilo linalowaumiza vichwa wahandisi. Nundu iliyochongoka ghafla inaugonga mlango na kuumaliza mapema; iliyolala sana inaufungua kidogo, injini inakosa pumzi. Nundu inayoacha milango wazi muda mrefu inafaa kwa mbio, maana hewa inapata nafasi ya kuingia hata injini ikienda kasi, lakini gari hilo likisimama kwenye foleni linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwa miaka mingi mtengenezaji alilazimika kuchagua moja. Mwaka 1989 Honda walitoa injini yenye nundu za aina mbili kwenye ufito mmoja, za mwendo mdogo na za mwendo mkubwa, wakaiita VTEC. Toyota nao katikati ya miaka ya 1990 walileta VVT-i, ambapo shinikizo la oili linaigeuza kemshafti kidogo mbele au nyuma injini ikiwa inaendelea kuzunguka. Ukiona maandishi hayo nyuma ya gari la jirani, ndiyo maana yake. Na shika hilo neno oili, nitalirudia.

Magari ya wazazi wetu hayakuwa na mkanda huu. Volkswagen Kobe, Land Rover za zamani, Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, zote kemshafti yake ilikaa chini karibu na krankishafti, ikiendeshwa kwa meno au kwa mnyororo mfupi, na vijiti virefu ndivyo vilivyopeleka msukumo juu kwenye valvu. Vilikuwa vyuma vya kudumu, lakini vizito, na kelele hazikukosekana. Baba yangu alikuwa na Volkswagen, na Jumamosi moja kila baada ya muda fulani aliamka alfajiri kuset tapeti kabla injini haijapashwa moto. Mimi nilimshikia tochi.

Kuset tapeti ni kuacha mwanya mdogo kati ya valvu na kile kinachoisukuma. Chuma kikipata moto kinarefuka, na valvu ya kutolea moshi hupata moto wa nyuzi 700 na zaidi. Pasipo mwanya, ikirefuka haifungi kabisa, na valvu isiyofunga haiwezi kupoza joto lake kwenye kikalio chake; inaungua ukingoni kama mkate. Mwanya ukizidi, unasikia tak-tak-tak. Katika Corolla yenye injini ya 4A-FE mwanya wa valvu za kutolea ni milimita 0.20 hadi 0.30, injini ikiwa baridi; za kuingizia ni 0.15 hadi 0.25. Akina mama huwa tunaogopa ile tak-tak, lakini fundi wa Morogoro aliniambia yeye huogopa zaidi injini iliyokuwa ikigonga kisha ikanyamaza bila kuguswa na mtu.

Mkanda wa mpira uliingia kwenye magari mwaka 1962. Ujerumani, katika mji mdogo wa Dingolfing, palikuwa na kiwanda cha Hans Glas kilichoanzia kwenye mashine za kilimo kabla ya kuingia kwenye magari. Gari lao la Glas 1004 ndilo la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na kemshafti juu ya kichwa cha injini, ikiendeshwa kwa mkanda wenye meno. BMW waliwanunua miaka michache baadaye, lakini wazo lao lilikwisha kuenea dunia nzima. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili, na ni rahisi. Ubaya wake unaujua wewe unayefua na kuanika: mpira unazeeka. Unazeeka kwa kilometa, na unazeeka kwa miaka hata gari likilala uani. Tena hautoi dalili kama breki.

Ukikatika, kemshafti inasimama papo hapo, na valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi zikining'inia ndani ya kinu. Pistoni hazisimami; gari bado lina mwendo, magurudumu yanaendelea kuzisukuma. Katika injini ya dizeli hewa hukandamizwa sana, maana yake pistoni ikifika juu inabakiza nafasi ndogo mno chini ya kifuniko. Valvu iliyo wazi haina pa kukaa. Ndiyo ile ngumi. Na kila gari linaposukumwa au stata inapozungushwa, ngumi inaongezeka, valvu iliyokuwa imesalimika nayo inapinda. Kwa hiyo gari likizima ghafla njiani na stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, wakataze watu kusukuma. Watakasirika. Waache wakasirike.

Si injini zote zinagongana. Wako waliobahatika: Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye hiyo 4A-FE, na Noah ya zamani yenye 3S-FE, mkanda ukikatika gari linakuacha barabarani tu, unafunga mkanda mpya unaendelea na maisha. Dizeli karibu zote zinagongana. Subaru nyingi za zamani zenye mkanda, hizo Impreza na Forester tunazoziona kila mahali, nazo zinagongana. Tena zipo zisizo na mkanda kabisa. Probox, IST na Premio zenye injini ya 1NZ-FE zinatumia mnyororo wa chuma, na mwenye mnyororo mara nyingi humcheka mwenye mkanda.

Asicheke sana. Mnyororo unaishi ndani ya oili, na kile kinachoukaza nacho kinasukumwa kwa oili. Ile VVT-i niliyoisema inageuzwa na oili hiyo hiyo, ikipita kwenye vitundu vyembamba. Ukichelewesha kubadilisha oili, au ukanunua ile ya kwenye dumu lisilo na jina kwa sababu ni nafuu, vitundu vinaziba kwa uchafu mweusi, mnyororo unachakaa na kulegea. Ukiwasha gari asubuhi ukasikia kama minyororo ya baiskeli inatikiswa kwa sekunde mbili tatu kisha kimya, lipeleke likaangaliwe. Mimi hata kwenye gari la mnyororo sivuki kilometa 5,000 bila kumwaga oili.

Sasa, gari linatoka Japani, unajuaje mkanda umebadilishwa lini? Fungua boneti. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika karatasi ndogo kwenye kifuniko cha mkanda au mahali pengine ndani ya boneti, wakiandika tarehe na kilometa za siku ile. Maneno ni ya Kijapani, lakini namba utazisoma. Uangalie tu mwaka, maana mara nyingi hawaandiki kama sisi. Wanahesabu kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona 15 unajumlisha 1988, unapata 2003. Enzi ya Reiwa ilianza 2019. Hapo unajumlisha 2018. Niliwahi kumwona dalali akimwambia mama mmoja kwamba 17 ile ni mwaka 2017. Ilikuwa 2005. Karatasi isipokuwepo, chukua kwamba mkanda haujabadilishwa, na bei yake uipange ndani ya bei ya gari kabla hujatoa fedha. Kilometa za kwenye dashibodi nazo usiziamini upesi. Zinarudishwa nyuma na watu wasio na haya.

Magari mengi ya Kijapani mkanda umepangiwa kilometa 100,000, na baadhi ya dizeli 150,000. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukienda kubadilisha, usinunue mkanda peke yake. Vigurudumu vinavyoukaza vina umri ule ule, na katika injini nyingi pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Kazi ya kufungua ni moja. Pampu ikifa miezi sita baadaye, utalipa ufundi mara ya pili kwa kitu ambacho kilikuwa wazi mbele ya macho ya fundi. Mwombe pia mkanda wa zamani uende nao nyumbani. Wangu wa 2012 ninao bado, umelika meno, wajukuu wa jirani wanauchezea.

Na liko swali moja ambalo yule mzee wa Morogoro alinifundisha, nami nakupa. Magurudumu ya krankishafti na kemshafti yana alama, na fundi anazilinganisha kabla ya kuvisha mkanda. Akikosea meno machache, injini ikiwashwa kwa stata inaweza kuvunjika siku ile ile, mkanda ukiwa mpya kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, anatakiwa kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili ya krankishafti. Kwa nini miwili? Kwa sababu ya ile nusu: miwili ya chini ndiyo mmoja wa juu, na hapo kila valvu itakuwa imekwisha kufunguka na kufungwa. Pakiwa na kugongana, mkono utahisi kizuizi na kusimama kabla chuma hakijapinda.

Machi 2021 gari letu lilifikisha zamu nyingine. Nililipeleka mwenyewe, nikakaa gerejini kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, nikiwa na chupa ya chai. Kijana alifanya kazi nzuri, pampu akaweka mpya, vigurudumu vipya, akafunga, akajifuta mikono, akashika ufunguo wa gari.

"Kijana wangu," nikamwambia, "umezungusha kwa mkono mara mbili?"

Akatabasamu. "Mama, kazi hii naifanya kila wiki."

"Najua, baba. Nizungushie tu nione."

Wenzake wakacheka kidogo. Akaurudisha ufunguo mfukoni, akachukua spana kubwa, akaingia chini. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili, kabla ya kufika nusu, spana ikagoma. Akajaribu tena taratibu, ikagoma pale pale. Akatoka, akamulika tochi kwenye alama, akakaa kimya kidogo.

"Meno matatu," akasema.

Akauvua mkanda akaanza upya. Nami nikamimina kikombe cha pili.